Kidonge cha Kalsiamu: Kazi Zake, Saa Yake na Maudhi Yake

Kalsiamu ni madini yanayojenga mifupa na meno. Ndivyo inavyofundishwa shuleni, na ndivyo ilivyo. Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99 hivi, imo ndani ya mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki imo kwenye damu na kwenye misuli, na ndiyo yenye shughuli nyingi: misuli ikaze na kulegea, moyo upige kwa mpangilio, mishipa ya fahamu ipeleke taarifa, damu igande mtu anapojikata. Kiwango cha kalsiamu kwenye damu hakiruhusiwi kuyumba. Kikishuka, mwili hukopa kutoka kwenye mifupa, na mkopo huo usiporudishwa mifupa hudhoofika.

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu kalsiamu ikiwa dawa. Inatibu nini? Inamezwa saa ngapi na pamoja na nini? Inaleta maudhi gani, na lini maudhi hayo yanageuka hatari? Maswali haya yana uzito, kwa sababu kidonge cha kalsiamu ni miongoni mwa dawa ambazo watu huzinunua bila kuuliza kitu. Kwa wengi si dawa, ni "vitamini tu". Ni dawa, na ina masharti yake.

Tuanze na kidonge chenyewe. Kinachouzwa zaidi ni kalsiamu kaboneti. Ni kitu kilekile kinachopatikana kwenye mawe ya chokaa, kwenye maganda ya mayai na kwenye matumbawe ya pwani. Huwa kidonge kikubwa cheupe, kingine cha kumeza, kingine cha kutafuna kilichotiwa ladha ya chungwa au mnanaa. Sasa mtu akigeuza pakiti na kusoma maandishi madogo ya upande wa nyuma, mara nyingi atakuta namba mbili: kalsiamu kaboneti miligramu 1,250, na chini yake kalsiamu miligramu 500. Ipi ni ya kweli? Zote mbili. Kaboneti ni kifungashio, na kalsiamu halisi ni asilimia 40 tu ya uzito wake. Daktari anaposema "miligramu 500 kwa siku" anazungumzia kalsiamu halisi. Pakiti inapoandika "kalsiamu kaboneti miligramu 500" bila maelezo mengine, ndani yake kuna kalsiamu halisi miligramu 200, na mgonjwa anaweza kuamini amepata dozi kamili kumbe hajafika hata nusu. Ziko pia kalsiamu sitreti, ambayo haihitaji asidi nyingi ya tumbo ili iyeyuke, na kalsiamu glukoneti, ambayo hospitalini hutumika zaidi kama sindano. Hiyo ya sindano tutaifikia.

Mtu mzima anahitaji takribani miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, kutoka kwenye chakula na dawa kwa jumla. Glasi moja ya maziwa hutoa kama 300. Mlimani Kilimanjaro, ambako ng'ombe hufungwa zizini chini ya migomba na kuletewa majani, mtindi na kitawa cha ndizi na maziwa havikuwa vitu vya anasa, na akina mama wa Nronga, wilayani Hai, walijenga ushirika mzima juu ya maziwa. Mjini mambo ni tofauti. Maziwa hununuliwa kwa kipimo, huishia kwenye chai ya asubuhi, na chakula cha siku ni ugali, wali, maharage, makande na mboga. Nafaka na maharage zina viambata vinavyoshika kalsiamu na kuizuia isifyonzwe, na mchicha nao, pamoja na sifa zake zote, una kiambata kinachofanya kazi hiyohiyo. Dagaa wanaoliwa na miba yake ni chanzo kizuri sana cha kalsiamu, tena cha bei inayovumilika. Jambo hili lirudiwe: dagaa na miba yake. Anayetoa miba na kichwa ametupa sehemu kubwa ya kalsiamu.

Sasa kazi ya kwanza ya dawa hii, na ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi: mama mjamzito na presha ya mimba.

Presha ya mimba ikichanganyika na protini kwenye mkojo, au na dalili za kuumia kwa viungo kama figo na ini, baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Kichwa huuma bila kutulia, macho huona ukungu au vimulimuli, kuna maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono huvimba. Wengine hawana dalili yoyote hadi mashine ya presha iseme. Hali hii huua mama na mtoto, na tiba yake ya mwisho ni mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo kila njia ya kuizuia ina thamani kubwa. Mkoani Kilimanjaro jambo hili linafuatiliwa kwa kina: tangu mwaka 2000, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, imekuwa na rejista ya uzazi inayoandika habari za kila mama anayejifungulia pale. Rejista hiyo imeonyesha wazi kuwa mama aliyepata hali hiyo katika mimba moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipata tena mimba inayofuata. Mama wa namna hiyo asikae nyumbani akisubiri tumbo lionekane. Aende kliniki mapema, aseme yaliyompata, kwa sababu ipo pia aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kumwanzishia.

Kalsiamu inaingiaje hapa? Mwaka 1980 watafiti wawili, Belizán na Villar, waliandika juu ya wanawake wa jamii ya Maya kule Guatemala. Walikuwa maskini, lakini kifafa cha mimba kwao kilikuwa nadra. Watafiti hao walitazama jikoni. Wamaya huloweka mahindi yao katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na kwa njia hiyo hula kalsiamu nyingi kila siku bila kujua wala kukusudia. Huku kwetu mahindi hukobolewa au husagwa yalivyo, bila chokaa. Dhana ya watafiti hao ilipelekwa kwenye majaribio mengi, na ilithibitika: katika jamii ambazo watu hula kalsiamu kidogo, mjamzito akiongezewa kalsiamu, uwezekano wa kupata presha ya aina hiyo hupungua sana. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kalsiamu ikipungua, mwili hutoa homoni zinazofanya misuli ya mishipa ya damu ikaze, na mishipa ikikaza presha hupanda.

Kwa msingi huo Shirika la Afya Duniani likashauri wajawazito wa maeneo yenye uhaba wa kalsiamu wapewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu halisi kila siku. Ushauri ulikuwa mzuri, na utekelezaji ukawa mgumu. Gramu moja na nusu ni vidonge vitatu vikubwa kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, juu ya kidonge cha kuongeza damu, ile fefo. Mama gani anayeshinda sokoni tangu alfajiri atabeba vidonge hivyo vyote na kukumbuka saa zake kwa miezi mitano? Na serikali ipi ya nchi kama yetu itagharamia vidonge vitatu kwa kila mjamzito, kila siku?

Jibu lilitafutwa hapahapa Tanzania. Wanawake 11,000 waliokuwa na mimba ya kwanza, waliohudhuria kliniki za Dar es Salaam, walishiriki katika utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao wa Harvard, na utafiti pacha ukafanyika India kwa wanawake wengine 11,000. Nusu walipewa miligramu 500 kwa siku, nusu miligramu 1,500. Matokeo yalichapishwa Januari 2024 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwa upande wa Tanzania, waliopata presha ya hatari walikuwa asilimia 3.0 katika kundi la dozi ndogo na asilimia 2.7 katika kundi la dozi kubwa. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba dozi ndogo ilihesabika kuwa haiko nyuma ya dozi kubwa. Kuhusu watoto kuzaliwa kabla ya wakati, matokeo ya India yaliiunga mkono dozi ndogo, ya Tanzania hayakuwa na uhakika wa kiwango hicho.

Utafiti huo una mpaka wake, na ni haki msikilizaji aujue: hapakuwa na kundi lisilopewa kalsiamu kabisa. Haukuuliza kama kalsiamu inafaa. Hilo lilikuwa limeshaulizwa kwingine. Uliuliza kama kidonge kimoja kinaweza kusimama mahali pa vitatu. Kwa presha ya mimba, jibu ni kwamba kinaweza. Na hili ni jambo kubwa kwa nchi hii. Kidonge kimoja kwa siku kinawezekana, kwa mfuko wa mama na kwa bajeti ya serikali, na kinastahili nafasi ya kudumu kwenye meza ya kliniki kando ya fefo, hasa kwa mama mwenye mimba ya kwanza. Ushahidi umetoka kwenye miili ya akina mama wa Kitanzania. Ingekuwa dhuluma wao wawe wa mwisho kufaidika nao.

Hata hivyo kidonge hakichukui nafasi ya kipimo cha presha. Lisemwe tena: kidonge cha kalsiamu hakichukui nafasi ya kipimo cha presha. Mama anayemeza kalsiamu bado anapaswa kupimwa presha na mkojo kila anapokwenda Kituo cha Afya cha Pasua au kituo chochote kilicho karibu naye.

Ikiwa kinga imeshindikana na kifafa cha mimba kimefika, kalsiamu huonekana tena, safari hii wodi ya wazazi, na kwa kazi tofauti kabisa. Dawa ya kuzuia na kutibu degedege la kifafa cha mimba ni magnesiamu salfeti, na ni dawa bora. Ila ikizidi mwilini hulegeza misuli mno, pamoja na misuli ya kupumulia. Ndiyo maana kabla ya kila dozi mkunga hugonga goti la mgonjwa kwa kinyundo kidogo cha mpira aone kama mguu unaruka, huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, na hutazama mfuko wa mkojo kuona kama figo zinatoa. Goti lisiporuka, dozi inayofuata haitolewi. Pumzi zikipungua, hapo ndipo kichupa cha kalsiamu glukoneti huvunjwa shingo: mililita 10 za dawa ya asilimia 10, yaani gramu moja, zinazosukumwa kwenye mshipa polepole, kwa muda wa dakika kama kumi. Kalsiamu huipinga magnesiamu kwenye misuli, na pumzi hurudi. Kichupa hicho kinatakiwa kiwe kwenye trei ileile ya magnesiamu, si kwenye kabati lililofungwa ambalo mwenye ufunguo ameenda nyumbani. Wauguzi wanaosikiliza wanajua tofauti ya dakika hizo.

Sindano hiyohiyo huokoa watu wengine. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda kwenye damu yake yuko katika hatari ya moyo kusimama ghafla. Kalsiamu ya mshipa haishushi potasiamu, lakini huulinda moyo kwa muda mfupi wakati tiba nyingine zinafanya kazi. Tena kuna wagonjwa wa rovu. Nyuma ya tezi ya shingo zimejibanza tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele, ambazo kazi yake ni kusimamia kalsiamu ya damu. Wakati wa upasuaji wa rovu tezi hizo zinaweza kujeruhiwa au kukosa damu. Siku moja au mbili baadaye mgonjwa huhisi ganzi kuzunguka midomo na ncha za vidole, kisha vidole vya mikono hukakamaa. Aliyefanyiwa upasuaji huo akiona hayo asisubiri siku ya kutoa nyuzi. Arudi hospitali siku hiyohiyo. Wengine humeza vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa wiki chache, wachache humeza maisha yao yote.

Turudi kwenye kidonge. Kalsiamu kaboneti hupunguza makali ya asidi tumboni, na kwa hiyo ni dawa ya kiungulia. Inafanya kazi haraka, ndani ya dakika chache, na inafaa kwa kiungulia cha mara mojamoja, pamoja na kile cha ujauzito. Kwa vidonda vya tumbo haitoshi. Vidonda vingi husababishwa na bakteria, vingine na dawa za maumivu, na anayezima moto wa tumbo kwa vidonge vya kutafuna mwezi baada ya mwezi anauficha ugonjwa badala ya kuutibu. Kwa wagonjwa wa figo zilizochoka, kaboneti hiyo hufanya kazi nyingine: huinasa fosfeti ya chakula humohumo tumboni ili itoke na choo. Ndiyo sababu mgonjwa wa kusafisha damu huambiwa akimeze kidonge pamoja na mlo wenyewe, kati ya tonge na tonge. Akikimeza saa mbili baada ya kula, fosfeti imeshapita. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inashauri madaktari wabane dozi zake kwa wagonjwa hao, kwa kuwa kalsiamu inayozidi inaweza kuganda kwenye kuta za mishipa ya damu. Hivyo mgonjwa wa figo asijiongezee hata kidonge kimoja. Kwa watoto wenye matege, baadhi yao tatizo ni uhaba wa vitamini D, wengine ni uhaba wa kalsiamu yenyewe, na daktari ndiye wa kupambanua.

Je, meno yenye madoa ya kahawia? Swali hili huulizwa sana, kwa sababu tambarare za chini ya Kilimanjaro na Meru zina maji yenye floraidi nyingi, na magadi yanayotiwa kwenye makande na maharage ili yaive haraka nayo huongeza floraidi. Madoa hayo huingia wakati jino la mtoto linajengeka ndani ya ufizi. Hayatokani na uhaba wa kalsiamu, na vidonge vya kalsiamu haviyaondoi. Mzazi anayetaka kumkinga mtoto wake aanze na maji anayokunywa mtoto huyo na magadi yaliyomo kwenye sufuria.

Sasa saa ya kumeza, na hapa wasikilizaji mtege masikio, maana ndipo dawa hii inapoharibika mikononi mwa watu wengi.

Kalsiamu kaboneti humezwa na chakula, kwa kuwa inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Anayemeza omeprazoli kila siku ana asidi kidogo, na huenda akafaa zaidi kwa kalsiamu sitreti, amuulize mfamasia. Tena mwili hauwezi kufyonza nyingi kwa mara moja. Zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo sehemu kubwa hupita bure, kwa hiyo aliyeandikiwa nyingi huzigawa.

Kubwa zaidi ni kwamba kalsiamu hushikana na dawa nyingine tumboni na kuzifanya zitoke bila kufyonzwa. Fefo ni mojawapo. Mama anayemeza fefo na kalsiamu kwa pamoja, kwa glasi moja ya maji, hupunguziwa madini ya chuma. Dawa ni kuzitenganisha: kalsiamu mchana na chakula, fefo usiku kabla ya kulala. Dawa za bakteria kama doksisaiklini na siprofloksasini hudhoofishwa pia. Hizo humezwa saa mbili kabla ya kalsiamu, au saa sita baada yake. Dawa ya tezi, levothairoksini, inahitaji pengo la saa nne.

Na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wasikilize kwa makini. Kidonge cha TLD, kinachotumiwa na watu wengi sana nchini, kina dolutegraviri ndani yake, na kalsiamu huishika dolutegraviri vibaya hasa tumbo likiwa tupu. Dawa ikifyonzwa nusunusu siku baada ya siku, virusi hupata mwanya wa kuamka. Suluhisho lipo, tena rahisi. Anayetaka kumeza vyote viwili kwa wakati mmoja avimeze pamoja na mlo kamili. Anayemeza TLD bila chakula aimeze saa mbili kabla ya kalsiamu, au saa sita baada yake. Mtu anayekula mchana saa saba na kumeza kalsiamu yake hapo, kisha TLD saa tatu usiku, yuko salama. Fefo na TLD nazo zina kanuni hiyohiyo. Mama mjamzito anayetumia dawa zote tatu ana haki ya kuandikiwa saa zake kwenye kadi ya kliniki, kwa mkono, ajue ipi lini.

Tumefika kwenye maudhi. Yaliyo mengi ni madogo: gesi tumboni, kucheua, kichefuchefu kidogo, na lile linalolalamikiwa zaidi, choo kigumu. Mama anayeimeza pamoja na fefo hulipata maradufu, kwa sababu fefo nayo hukausha choo. Maji ya kutosha, matunda kama papai, mboga na kutembea husaidia, na kugawa dozi husaidia pia. Maudhi haya si sababu ya kutupa dawa. Ni sababu ya kumwambia muuguzi.

Yale makubwa hutokea kalsiamu inapozidi kwenye damu. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kukosa hamu ya kula, kutapika, uchovu mzito, misuli kulegea, na mwishowe kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo kuvurugika. Figo huumia kimyakimya. Historia ya jambo hili ni ndefu. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Bertram Sippy, alianzisha tiba ya vidonda vya tumbo ya kunywa maziwa na malai kila saa pamoja na unga wa alikali. Maumivu yalitulia. Kufikia mwaka 1923 madaktari wengine walikuwa wakiripoti wagonjwa wa tiba hiyo walioharibika figo. Tiba ya Sippy iliachwa dawa bora zilipopatikana, lakini ugonjwa wenyewe umerudi katika miaka ya karibuni, safari hii kwa watu wanaojinunulia vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Na nani Moshi hajawahi kuambiwa na jirani anywe maziwa mengi kwa ajili ya vidonda vya tumbo? Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa asidi tena. Akiongeza juu yake vidonge vya kutafuna kumi kwa siku, mtu huyo amejirudishia tiba ya Sippy nyumbani kwake.

Mawe kwenye figo yanahitaji maneno machache. Kalsiamu ya chakula haiongezi mawe. Kwa kweli huwakinga wengi. Kalsiamu ya vidonge ni habari nyingine: katika utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha kukoma hedhi, uliotoa matokeo mwaka 2006, waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mawe zaidi kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo bibi mwenye afya, anayekunywa maziwa na kula dagaa, hana haja ya kununuliwa chupa ya kalsiamu na watoto wake walioko Dar es Salaam kwa sababu tu amezeeka. Mwenye mifupa iliyothibitika kudhoofika, au anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, ni jambo la daktari. Vidonge vingine vya presha, vile vya kukojoza vya jamii ya thayazaidi, huzuia kalsiamu isitoke na mkojo, na anayevitumia hupaswa kusema kabla ya kuanza kalsiamu. Anayetumia digoksini kwa moyo naye aseme.

Sindano ina hatari zake. Ikisukumwa haraka, mgonjwa huhisi joto kali mwili mzima na moyo hupunguza kasi au kuvurugika. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na kidonda chake huchukua muda mrefu kupona. Mgonjwa au ndugu anayeona mkono unavimba au kuuma palipo na sindano aseme mara moja. Kwa mtoto mchanga wa siku 28 au chini, seftriaksoni na dripu au sindano yoyote ya kalsiamu ya mshipani haviendi pamoja kabisa: vikikutana hutengeneza chembechembe ngumu zinazoweza kuziba mapafu na figo, na watoto walishafariki kwa sababu hiyo. Hata kwa watu wazima havichanganywi kwenye mrija mmoja.

Jambo la mwisho ni udongo. Vipande vya pemba huuzwa sokoni kando ya tangawizi na ndimu, na wajawazito wengi huvitafuna wakiamini vinaongeza madini. Hamu hiyo ipo kweli na haistahili kuchekwa. Mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Lakini udongo huo haupimiki kama dawa, huweza kubeba risasi na mayai ya minyoo, na badala ya kuongeza madini ya chuma huyashika na kuyatoa. Mama mwenye hamu hiyo apimwe damu.

Basi kila anayetumia dawa yoyote ya kalsiamu, ya kliniki au ya dukani, safari ijayo ya kituo cha afya achukue pakiti yenyewe aende nayo, pamoja na vidonge vingine vyote anavyotumia, hata vile ambavyo hangependa jirani avione. Aviweke mezani mbele ya muuguzi au mfamasia, aulize kila kimoja kinamezwa saa ngapi. Na aliyepata madhara asiyoyaelewa amwambie mhudumu huyohuyo, ambaye ana njia ya kuyapeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.